Theluthi mbili ya nani?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi cha kusaidiana na kuzikana huku Kisauni. Kwenye daftari tuko 48. Mwezi uliopita tulikuwa na mkutano mkuu, tukafika 31. Tulipofika kwenye ajenda ya mengineyo, mwenyekiti akatoa karatasi ya marekebisho ya katiba: viongozi wakae miaka mitano badala ya miwili, mchango upande kutoka shilingi 200 hadi 500 kwa mwezi, na rambirambi itolewe pia kwa msiba wa mkwe. Pia, kuanzia sasa katiba iwe inabadilishwa na wingi wa watakaohudhuria. Kura ikapigwa moja kwa yote: 26 ndiyo, 3 hapana, 2 wakanyamaza. Wenzetu wanne walio Uarabuni walituma "ndiyo" kwa WhatsApp. Katiba yetu inasema hivi: "Katiba hii yaweza kurekebishwa kwa kura za theluthi mbili ya wanachama katika mkutano mkuu ulioitishwa kwa notisi ya siku 14 inayoeleza marekebisho yanayopendekezwa." Mwenyekiti asema yamepita, wengi wape, hata Bunge hubadilisha katiba ya nchi. Asema pia tukiwatoa wale tisa wasiochanga tena tunabaki 39, na 26 ndiyo theluthi mbili kamili. Mchango wa 500 tumeshaanza kuutoa, na mwenzetu aliyefiwa na mama mkwe ameshapewa rambirambi. Sasa natakiwa nitie sahihi barua ya kumpelekea afisa wa maendeleo ya jamii. Nikikataa nitaonekana mpinzani. Je, yamepita? Na kama hayakupita, tufanyeje bila kuvunja kikundi?
Katibu, Kisauni

JIBU: Marahaba, Bi Katibu. Hayakupita, na barua hiyo usiitie sahihi kwanza. Lakini mna watu wa kutosha kuyapitisha yale mazuri yaliyomo, nayo yamo, kwa hivyo usisome jibu hili kama hukumu dhidi ya mwenyekiti wenu.

Nianze na hesabu yake, maana ni hesabu safi. Thelathini na tisa ukiigawa mara tatu ni 13, theluthi mbili ni 26. Hakuna kura iliyozidi wala iliyopungua. Nilipoisoma nikacheka peke yangu, kwa sababu miaka yote niliyokaa na katiba za vikundi hapa Mombasa, hesabu inayotoka sawasawa hivyo baada ya kura huwa imeanzia kwenye jibu ikarudi nyuma kutafuta swali. Asubuhi ya mkutano daftari lilikuwa na majina 48. Jioni likawa na 39, na hakuna kikao kilichokaa hapo katikati.

Katika nakala ya katiba uliyonitumia, kifungu cha 5(3) kinasema mwanachama asiyechanga kwa miezi sita mfululizo "atapoteza uanachama baada ya kupewa notisi ya maandishi ya siku 30". Maneno yanayobeba mzigo hapo ni "baada ya kupewa". Kutochanga peke yake hakumtoi mtu. Kunaipa kamati haki ya kumwandikia. Umenieleza kuwa katika hao tisa wawili ni marehemu, Mungu awarehemu. Hao hawahitaji notisi, mauti yameshawatoa, na majina yao yalipaswa kupigwa mstari zamani. Wanabaki saba. Hao saba hakuna aliyewaandikia hata kipande cha karatasi, na huenda kuna ambao wangelipa deni lote siku hiyo hiyo laiti wangeambiwa kuwa kiti chao kinaondolewa. Kwa hivyo siku ya kura mlikuwa wanachama 46. Theluthi mbili ya 46 ni 30 na vipande, na kura haikatwi vipande, kwa hiyo ni 31. Ndiyo kusema wote 31 waliofika walitakiwa waseme ndiyo, bila hata mmoja kunyamaza. Mlipata 26. Hata ukiwaingiza wale wanne wa Uarabuni mnafika 30, na bado mmoja anapungua.

Sasa mwenyekiti anaweza kugeuka akasema: mbona mnahesabu wanachama wote? Katiba imesema "theluthi mbili ya wanachama katika mkutano mkuu", yaani wale waliomo mkutanoni. Wako 31, theluthi mbili ni 21, na sisi tuna 26. Hii ndiyo hoja yake yenye nguvu kuliko zote, na nashangaa hakuitoa yeye akakimbilia kufuta majina. Sentensi yenu kweli inasomeka kwa njia mbili. "Katika mkutano mkuu" inaweza kuwa inaeleza wanachama ni wapi, au inaeleza kura zipigwe wapi. Kiswahili hakikuwekea alama hapo, na aliyeandika hakuweka mkato wala neno moja tu ambalo lingemaliza ubishi.

Neno lenyewe ni "waliohudhuria", na mwandishi wa katiba yenu alilijua. Tazama kifungu cha 10, cha uchaguzi: "Viongozi watachaguliwa kwa wingi wa kura za wanachama waliohudhuria." Alipotaka kuhesabu waliofika, aliandika waliofika. Kwenye marekebisho akaandika "wanachama" tupu, na kifungu cha 4 kinamfafanua mwanachama kuwa ni kila aliyesajiliwa na kulipa kiingilio. Ukiweka vifungu vitatu ubavu kwa ubavu, usomaji unaosimama ni wanachama wote. Mimi ndivyo ninavyousoma, na mtu akikataa nitamuuliza tu hilo neno limeenda wapi. Akidi, yaani idadi ya chini ya watu ili mkutano uwe halali, ni jambo jingine kabisa, msichanganye: akidi yenu ni nusu, na 31 ni zaidi ya nusu, kwa hivyo mkutano wenyewe ulikuwa halali, na yote mengine mliyoamua siku hiyo yanasimama.

Hilo la "hata Bunge hubadilisha" limenifurahisha, kwa sababu Bunge ndilo shahidi wako. Ibara ya 256 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inataka mswada wa marekebisho upite kwa angalau theluthi mbili ya wabunge wote, katika kila nyumba ya Bunge, yaani Bunge la Taifa na Seneti, unaposomwa mara ya pili na mara ya tatu. Wabunge wote, hata walio nyumbani, safarini au wodini. Bunge la Taifa lina wabunge 349 ukimwacha Spika, kwa hivyo kinachotakiwa ni 233. Seneti ina 67, inatakiwa 45. Mwaka 2019 mswada wa usawa wa jinsia bungeni ulianguka hivyo hivyo: haukushindwa na kura za hapana, ulishindwa na viti vitupu, kwa kuwa wale 233 hawakupatikana ukumbini. Asiyekuja anahesabiwa upande wa kubaki na katiba kama ilivyo. Wengine huona ni ukali. Mimi naona ndiyo maana yenyewe ya kiwango hicho: anayetaka kubadilisha ndiye mwenye kazi ya kwenda kuwatoa watu majumbani.

Na "wengi wape" nayo? Methali ni ya kweli, lakini ina swali ndani yake, wengi wa nani, na waliopatikana kwa njia gani. Mswada wa BBI, ule wa kurekebisha katiba ya nchi, uliungwa mkono na mabunge ya kaunti zaidi ya 40 kati ya 47, ukapita Bunge la Taifa, ukapita Seneti. Utataka wengi gani tena? Ulifika Mahakama ya Juu, na tarehe 31 Machi 2022 ikaamuliwa kuwa haukupitia njia yake: ile njia ya saini milioni moja, ya Ibara ya 257, imewekewa mwananchi wa kawaida, na Rais hawezi kuwa ndiye aliyeianzisha. Sikuambii haya mwende mahakamani. Nakwambia ili mtu akikutajia idadi, umuulize njia.

Njia kwenu ilikatika mapema hata kabla ya kura. Notisi yenu, nimeiona picha yake, ina ajenda sita, ya sita ikiwa "Mengineyo". Katiba inataka notisi ya siku 14 "inayoeleza marekebisho yanayopendekezwa". Mengineyo ni mahali pa kukumbushana nani hajarudisha sufuria za kikundi. Hata mngefika wote 46 na kupiga kura 46 za ndiyo, ningekwambia rudieni, maana mtu aliyeona notisi ile akaamua kwenda zake Kongowea kutafuta riziki alikuwa na haki ya kuamini kwamba hakuna kubwa linalokuja. Bunge lenyewe haliruhusiwi kuusoma mswada wa katiba mara ya pili kabla ya siku 90 kupita tangu usomwe mara ya kwanza, ili watu wapate kuujadili. Nyinyi mna siku 14 tu, na hizo pia zikarukwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo umeliandika kwa neno "pia", kama mtu anayetaja chumvi baada ya kuhesabu vyakula. Katika karatasi nzima ile, hicho kipande cha mwisho ndicho kilichonikalisha kitako. Miaka mitano ya uongozi ni kosa mnaloweza kulirekebisha. Mchango ukiwa mkubwa mtaushusha. Lakini mkishasema katiba inabadilishwa na wingi wa watakaohudhuria, basi kwa akidi yenu ya nusu, mkutano wa watu 23 unatosha, na wingi wa 23 ni 12. Watu 12 kati ya 46, jioni moja ya mvua, wataweza kubadilisha chochote kwenye katiba: nani anatia sahihi benki, nani anazikwa kwa kiasi gani, nani ni mwanachama.

Nchi hii imeshalipitia jambo hilo. Katiba ya uhuru ya 1963 ilitaka robo tatu ya wabunge kwa marekebisho ya kawaida, na yale yaliyokingwa zaidi, ya majimbo na mengineyo, yalitaka hadi tisa ya kumi ya Seneti. Mwaka 1965 kiwango kikashushwa hadi asilimia 65. Mlango ukishapanuliwa, mizigo hupita. Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa Makamu wa Rais, na wenzake walipotoka chama tawala cha KANU na kuunda chama cha upinzani cha KPU, katiba ilibadilishwa haraka ili mbunge anayehama chama arudi kwa wapiga kura. Kila mtu alijua kimekatwa kwa vipimo vya nani. Mwaka huo huo ikapitishwa Seneti iunganishwe na Baraza la Wawakilishi, na kwa jina lake ikawa imekwisha. Mwaka 1982 kikaingia kifungu cha 2A, chama kikawa kimoja, hadi kilipofutwa Desemba 1991. Walioandika Katiba ya 2010 walikuwa na hayo kichwani. Ndiyo maana orodha ya Ibara ya 255, ya mambo yasiyoguswa bila kura ya maoni, haina tu mipaka ya nchi, haki za watu, muhula wa Rais na ugatuzi. Imo ndani yake pia sura yenyewe ya marekebisho. Kufuli imefungiwa ndani ya sanduku linalofungwa na kufuli hiyo hiyo.

Nyinyi hamhitaji kura ya maoni. Mnahitaji sentensi moja kwenye kifungu cha marekebisho: "Kifungu hiki nacho hakitarekebishwa ila kwa utaratibu uliomo ndani yake." Na hapo hapo mtoe ule utata, muandike "theluthi mbili ya wanachama wote walio kwenye daftari siku ya notisi". Siku ya notisi, si siku ya kura. Hiyo inamfungia mtu mlango wa kufuta majina jioni.

Tuje kwenye matengenezo. Msibishane kama yamepita au la mpaka kikundi kipasuke. Semeni tu: ili mambo yawe safi, tunarudia. Mwenyekiti atakubali rahisi zaidi akiambiwa kuwa barua ikienda na hesabu hii, mtu mmoja tu kati ya wale saba akifika kwa afisa na risiti yake ya kiingilio, kazi yote inarudi mwanzo.

Kwanza daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kura pia. Kamati ikae, iandike kwamba wawili wamefariki, kisha wale saba waandikiwe notisi ya siku 30, kila mtu kwa jina lake, na mtu aipeleke kwa mkono na kurudi na sahihi. Aliyehama mji atumiwe kwa simu mbele ya mashahidi wawili wa kamati. Notisi imwambie anadaiwa kiasi gani na afanye nini ili abaki. Iandikwe kwa nia ya kumrudisha. Nimewahi kuona kikundi kimoja, sitakitaja, kikiandikia watu wake notisi ya ubaridi hivi kwamba hata ambao hawakudaiwa walitoka. Siku 30 zikiisha mtajua mko wangapi. Wakilipa watatu mtakuwa 42, theluthi mbili ni 28. Wasiporudi hata mmoja mtakuwa 39, na ile 26 ya mwenyekiti itakuwa halali, tena bila kumdhulumu mtu. Unaona alivyokuwa karibu? Kwa upande wa hesabu, kasoro yake ilikuwa siku 30 tu.

Kisha notisi ya mkutano, siku 14 kamili, na maneno yenyewe ya marekebisho yakiwa ndani. Hapa ndipo vikundi vingi hukosea. Huandika "kubadilisha muda wa viongozi" na kuacha maneno halisi yaje kutungwa ukumbini, kila mtu akitamka lake na katibu akikimbizana na kalamu. Andika hivi: "Pendekezo la kwanza. Kifungu cha 9(1): futa maneno 'miaka miwili', na badala yake weka maneno 'miaka mitatu'." Aliye mbali asome ajue ni herufi gani inatoka na ipi inaingia. Baada ya hapo pitia katiba nzima ukitafuta mahali pengine penye kitu kile kile. Kwenu kifungu cha 9(2) kinasema kiongozi asizidi "vipindi viwili, yaani miaka minne". Mkibadilisha 9(1) na kuiacha 9(2), katiba yenu itakuwa inabishana yenyewe.

Miaka mitatu nimeiweka kwa makusudi. Mitano kwa kikundi kinachoshika fedha za maziko ni mingi mno, huo ni mtazamo wangu na mnaweza kuukataa. Lakini jambo moja msilikubali: nyongeza ya muda imfae aliyeko kitini siku inapopitishwa. Ongezeni kifungu cha mpito: "Marekebisho haya yataanza kutumika kwa viongozi watakaochaguliwa katika uchaguzi ujao." Marekani wana marekebisho ya 27 ya katiba yao, yanayosema wabunge wakijiongezea au kujipunguzia mshahara, mabadiliko hayo yasianze mpaka uchaguzi upite katikati. Yalipendekezwa mwaka 1789 na kukamilika mwaka 1992, miaka zaidi ya mia mbili. Mwenyekiti wako akikikubali kifungu hicho cha mpito, utajua anataka muda mrefu kwa faida ya kikundi. Akikikataa, utajua pia.

Kila pendekezo lipigiwe kura peke yake. Karatasi ya kwanza ilifunga pamoja rambirambi ya wakwe, ambayo nadhani kila mtu anaitaka, na miaka mitano, ambayo wengine wameimeza kwa sababu ya wakwe. Wale watatu waliosema hapana yamkini hawakukataa wakwe.

Na hao wakwe wenyewe, Bi Katibu, msiwaache wazi. Neno "mkwe" kwetu linakwenda juu na chini: baba wa mke wangu ni mkwe, na mume wa binti yangu ni mkwe. Mliandika "msiba wa mkwe" tu. Mama mwenye mabinti watano walioolewa ana wakwe watano wa chini, juu ya wale wa juu. Mwanachama mwenye wake wawili ana wakwe wanne wa juu, na mwenzake mwenye mke mmoja ana wawili, na wote wawili wanachanga 500. Je, aliyeachana na mumewe mwaka jana, mama mkwe wa zamani akifariki, analipwa? Haya hayaulizwi siku ya mkutano kwa sababu yanaonekana kama uchoyo. Huulizwa siku ya msiba, na siku hiyo huwa matusi. Andikeni mapema: "Mkwe maana yake ni mama mzazi au baba mzazi wa mume au mke aliye katika ndoa na mwanachama siku ya msiba, na jina la mkwe huyo liwe limo kwenye fomu ya wategemezi ya mwanachama." Idadi iwe na kikomo, hilo mtajadili wenyewe. Kwa bahati, wanaojua zaidi mambo haya ni akina mama wa kikundi. Waulizeni kabla ya kuandika.

Mchango wa 500 sidhani unafaa kukaa ndani ya katiba hata kidogo. Bei ya sanda na gari la maiti haisubiri theluthi mbili. Katiba iseme tu: "Kiwango cha mchango kitawekwa kwenye kanuni za kikundi." Kanuni zikae kwenye karatasi yake, zipitishwe kwa wingi wa waliohudhuria mkutano mkuu. Hapo ndipo wingi wa kawaida una mahali pake. Kiasi, faini ya kuchelewa, siku ya kukutana, zamu ya kupika, yote hayo ni ya kanuni. Kanuni ikigongana na katiba, kanuni ndiyo inayoanguka.

Wenzenu wa Uarabuni: katiba yenu haisemi lolote kuhusu kura ya simu, na inataka kura zipigwe "katika mkutano mkuu", kwa hiyo safari hii hawahesabiwi. Inauma, maana ndio wanaochanga bila kuchelewa. Leteni pendekezo la kuwaruhusu kwenye mkutano ujao, kwa sauti au picha, jina likitajwa na kura ikiandikwa. Lipite ukumbini kwanza, liwafae mikutano itakayofuata.

Fedha zilizokwisha kutoka zisiwape homa. Ile shilingi 300 ya ziada kila mtu aliyoitoa, mweka hazina aiandike kama akiba ya mwanachama, si mchango, na risiti ibadilishwe. Mapendekezo yakipita, itahesabika kama mchango wa miezi ijayo. Yasipopita, irudishwe au ikae. Na huyu mwenzenu aliyefiwa na mama mkwe, naomba asiguswe. Alipewa kwa nia njema, akazikia. Mkutano mkuu unaweza kuuridhia msaada ule kama msaada wa mara moja, kwa kura yake, na usiandikwe popote kuwa alilipwa kimakosa.

Barua ya afisa itakwenda baada ya hayo, ikiwa na katiba iliyorekebishwa, orodha ya waliohudhuria na sahihi zao, na kumbukumbu, au minitsi kama tunavyoziita vikaoni. Benki nayo itataka nakala hizo hizo. Kwa faida ya wengine wanaosoma: chama kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, ile ya Msajili wa Vyama, hakiwezi kurekebisha katiba yake bila kibali cha Msajili cha maandishi kilichotolewa kabla, kwa maombi yaliyotiwa sahihi na viongozi watatu. Na sacco, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, hata za matatu, sheria zake ndogo zikirekebishwa hazina nguvu mpaka zisajiliwe na Kamishna wa ushirika. Kila mtu aangalie cheti chake ukutani kimetoka wapi kabla ya kunakili ushauri huu.

Limebaki lako wewe. Unaogopa kuonekana mpinzani. Katibu hahitaji kupinga wala kuunga mkono. Kazi yake ni kuandika kilichotokea. Kwa mkutano uliopita, andika hivi na uisome mbele ya kamati: "Chini ya ajenda ya 6, Mengineyo, mwenyekiti aliwasilisha mapendekezo manne ya kurekebisha katiba. Mapendekezo hayakuwa yameelezwa kwenye notisi. Kura ilipigwa mara moja kwa mapendekezo yote. Waliohudhuria 31, ndiyo 26, hapana 3, waliokaa kimya 2. Wanachama wanne walio nje ya nchi walituma ujumbe wa kuunga mkono kwa simu. Majina kwenye daftari siku hiyo: 48." Usiandike "yalipita". Usiandike "hayakupita" pia. Hapo chini weka sahihi yako na tarehe, kisha mpe mwenyekiti kalamu.